Makopo Yasiyo na Majina

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika na kuitazama, ilivyo kimya. Hamjambo huko? Goti lako la kushoto, lile linalotabiri mvua, linasemaje? Baba hajambo, anakusalimia, na analalamika kwamba dada yake hamtafuti mtu mpaka atafutwe. Analalamika kila siku, kwa hiyo ujue ana afya.

Najua alikupigia kuhusu upasuaji wangu, lakini Baba husimulia mambo kama anayesoma bei za vitunguu, kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Tezi la shingo lilitolewa salama na halikuwa na kitu kibaya ndani yake. Nilipozinduka nilimwomba nesi maji, nikasikia mtu mwingine anaomba. Sauti ilikuwa ya mlango wenye kutu. Nikageuka kumtafuta aliyesema.

Daktari wa koo, aliyenitazama kwa kamera, anasema neva moja inayoendesha sauti imeumia. Huenda imelala tu. Kwa sasa nisizungumze, hata kunong'ona, ndiyo maana napokea simu zako na kuzikata. Usidhani nina kiburi.

Wewe unajua kazi yangu ni koo. Saa saba mchana watu wanafungua redio, mimi nawasomea yaliyotokea duniani, wanaendelea kula. Sina kazi nyingine ninayoijua. Mkuu wa matangazo amesema kiti changu kipo mpaka mwisho wa Mei. "Hakuna anayekikalia," aliniambia, huku msichana wa zamu ya jioni akijaribiwa kwenye kipaza sauti changu nyuma ya kioo.

Naomba majani yako ya dawa, Shangazi. Tulipokuwa wadogo ulitutoa vikohozi vilivyowashinda wenye duka la dawa. Lazima kuna kopo moja kwenye rafu yako la kurudisha sauti. Uchungu sijali.

Mimi Kasuku wako, ambaye siku hizi ni wa kuchorwa ukutani.


24 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimeijibu kwa mdomo, hapa sebuleni, peke yangu, mpaka fundi cherehani akauliza kupitia ukuta nani kaja. Nimemwambia kaja mwanangu. Akasema mbona hasikii kelele. Watu wamekuzoea.

Goti limetabiri mvua na mvua haijaja, nalo limeanza kuzeeka. Mwambie kaka yangu simu ina pande mbili.

Sasa nisikilize. Kabla ya makopo haya nilikuwa nesi, na nitasema nawe kama nesi kwanza. Jani halifufui neva. Anayekuambia linafufua anataka kukuuzia. Yule daktari mwenye kamera yake ndiye wa kufuatwa, na akisema kaa kimya, kaa kimya, hata kama kwako ni sawa na kumwambia jogoo asubiri mchana.

Majani nakutumia hata hivyo, kwa sababu kusubiri bila kazi ya mikono kunamla mtu. Mchaichai utakunywa asubuhi. Mnanaa jioni, na asali. Mkaratusi ni wa kujifukiza: maji yachemke, uyaipue, majani kiganja kimoja, taulo kichwani, macho yafungwe. Usiharakishe. Kaa humo mpaka maji yachoke yenyewe.

Vifuko sijaviandika, unanijua. Hata makopo hapa hayana karatasi hata moja, na sijawahi kumpa mteja kitu nisichokijua. Pua inatosha. Fungua, nusa, utajua kipi ni kipi.

Daktari akisema lolote uniambie. Lolote, si lile zuri tu.

Shangazi yako.


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kifurushi kilifika kikiwa kimebonyea lakini kizima. Nilikifungua mezani na chumba chote kikawa sebule yako. Ulisema kweli, hakuna cha kuandikwa. Mchaichai ulijitaja kabla sijafungua uzi.

Baba ananipigia kila jioni. Yeye anasema, mimi nagonga simu kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Amefurahi sana. Anasema hatujawahi kuelewana hivi. Jana alinieleza habari za betri ya gari mpaka chai ikapoa, akanishukuru kwa ushauri wangu.

Najifukiza kila siku nikitoka kazini. Wamenipa meza kwenye chumba cha habari, napanga karatasi za wenzangu. Nitasema ukweli: mwanzoni nilikaa chini ya taulo nikiwa na hasira, nikihesabu pumzi kama mtu anayelipa deni. Kila nikitoka najaribu neno moja, kimoyomoyo, nikilisikiliza kama limerudi. Najua hukuniahidi. Lakini umesema jani halifufui, hukusema halisaidii, na mimi nimeshika hapohapo.

Daktari nitamwona mwezi ujao mwanzoni. Nitumie mkaratusi zaidi, tafadhali, mwingi. Ukiwa na wa nguvu kuliko huu nitumie huo.

Kasuku.


2 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba mwanangu. Goti limeshinda. Mvua ilikuja na bati la sebuleni likafunguka kama mdomo. Ilibidi makopo yote yashushwe kwenye rafu kabla maji hayajayafikia, na jirani zangu walioyashusha walikuwa na haraka, na walioyarudisha walikuwa wengine. Hakuna kilicholowa ila mkeka na heshima ya fundi wa bati.

Fundi cherehani hajambo, ila ananuna. Alichukua majani ya usingizi kwangu, akanywa, akakesha anashona. Asubuhi akaja dirishani: "Nesi, ulinipa majani ya kulala au ya mtihani?" Nikamwambia dhamiri yake ndiyo inayomnyima usingizi, arudishe vitambaa vya watu. Tulicheka. Siku hizi ananitania kuhusu sufuria pia, maana niliunguza maharage mpaka moshi ukapita kwake, akanigongea ukuta. Nilikuwa nimekaa palepale jikoni nasoma gazeti. Habari zilikuwa tamu, nadhani.

Kifurushi cha mkaratusi ndicho hiki. Nimekijaza.

Umemwona daktari? Kasemaje?

Shangazi.


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa bati. Baba anasema atakuja kulitazama, na wewe na mimi tunajua atalitazama tu.

Daktari nilimwona. Anasema mambo yanaendelea.

Kuna jambo nataka kukuuliza na nimeshaandika karatasi mbili nikazichana. Ule mkaratusi si mkaratusi. Nilichemsha maji, nikajifunika taulo, nikasubiri ule ubaridi unaopanda mpaka nyuma ya macho, ikaja harufu ya keki. Ni majani ya mdalasini, Shangazi. Nilijifukiza kama andazi. Nilitoka nina njaa.

Mara ya kwanza nilidhani umenibadilishia kwa sababu zako, na kwamba nisiulize. Nikafurahi kidogo hata. Kisha nikasoma tena barua yako, mahali pa fundi cherehani, na mahali pa sufuria. Uliwahi kutuambia chapati ya jirani inaungua kabla jirani hajajua. Ulikuwa unanusa homa kwenye nywele zetu.

Umekaa jikoni na maharage yanaungua, na hukujua mpaka ukuta ugongwe.

Shangazi, unanusa?

Mwanao.


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua imepungua na mnanaa umejaa hadi njiani, watu wanaukanyaga. Goti zuri. Fundi cherehani amepata mashine mpya yenye kelele kuliko ya zamani.

Mwezi huu sina majani ya kutuma. Nafanya ukarabati.

Umeniuliza swali. Na mimi nilikuuliza la kwangu kabla yako, ukanijibu kwa maneno mawili ambayo hata karani wa mapokezi anaweza kuyasema. "Mambo yanaendelea." Yanaendelea wapi?

Shangazi yako.


3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Haikuwa posta.

Nilipokuandikia kwamba mambo yanaendelea, nilikuwa nimeshajibiwa. Daktari alipitisha kamera yake puani mpaka kooni akanigeuzia skrini nione. Ni nyama mbili nyembamba, kama mapazia ya dirisha moja. Aliniambia niseme "iii". Moja ikaja katikati. Nyingine ilibaki pembeni, imesimama. Nilisema "iii" tena, nikaitazama, nikaiita kabisa moyoni. Haikuja.

"Hii haitarudi," akasema. "Ila usiitazame hii. Tazama mwenzake. Ameanza kujifunza kuvuka katikati amfuate huko aliko. Utazungumza. Habari hutasoma."

Nilimwomba arudie lile la mwisho. Akarudia, kwa upole uleule, bila kupunguza kitu. Nimemheshimu kwa hilo, lakini baadaye sana. Siku ile nilitembea mpaka kituo kile cha mbali cha basi ili nisikutane na mtu wa kunisalimia.

Jioni niliweka maji jikoni kwa sababu mikono ilishazoea. Nilikuwa na mdalasini wako tu. Nikajifunika. Na hapo ndipo kulitokea kitu ambacho sijui kukieleza vizuri, Shangazi, nami nimesoma miaka mingi ili nijue kueleza. Sikuwa na ninachokisubiri tena. Mvuke ukawa mvuke. Ulikuwa wa moto, ulinukia vizuri, maji yalitoka puani na machoni bila kuniuliza yanatokea wapi. Nilikaa mpaka yakachoka yenyewe, kama ulivyosema. Sikujaribu neno lolote nilipotoka. Niliosha bakuli, nikalala.

Tangu hapo najifukiza kila jioni, kwa sababu napenda kukaa pale.

Kiti kimetolewa. Msichana wa zamu ya jioni ndiye wa saa saba sasa. Mimi wamenipa kuandika anachosoma. Siku yake ya kwanza nilienda kuosha vikombe vya ofisi nzima, saa saba kamili, na vilikuwa visafi. Sauti ninayo, nusu. Nazungumza na mwenye duka na dereva. Watu wa nyumbani bado. Baba namgongea ukucha, naye hajauliza, na siwezi kukuambia ni nani kati yetu anayemwonea huruma mwenzake.

Hilo ndilo la kwangu, lote. La kwako sikuulizi tena.

Mwanao.


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama dirishani, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Pole. Siongezi neno. Nimesema pole wodini miaka mingi na najua maneno yanayofuata hapo huwa yanamtuliza msemaji.

Sinusi. Kile kifua na homa vilivyonilaza mwishoni mwa mwaka viliondoka na pua yangu. Nilidhani ni mafua yanakawia. Nikangoja. Nilikata limau nikaliweka mdomoni, likawa maji makali tu. Daktari wa hapa anasema inaweza kurudi kidogo au isirudi, nami nikamwitikia kwa kichwa kama wagonjwa wangu walivyokuwa wananiitikia, wale ambao hawajasikia kitu.

Lakini nilijua nafasi za makopo. La kwanza kutoka mlangoni mchaichai, linalofuata mnanaa, hivyo hivyo mpaka pembeni. Nikawa nanyoosha mkono, nafungua, nanusa hewa tupu mbele ya mteja, natikisa kichwa kama ninayekubaliana na kitu. Nilikuwa hodari. Vifuko vyako vya kwanza nilivifunga hivyo. Na nilikuandikia pua inatosha. Kisha bati likavuja, makopo yakashushwa, yakarudishwa na wasiojua. Majani yangu yote nayasaga, yakikauka ni vumbi moja, rangi moja. Nikaamua rafu haijabadilika. Niliamua tu.

Hakuna jani hapa la kumuua mtu. Ila fundi cherehani ana presha, na kuna kopo moja ambalo mwenye presha simpi. Nilipolikumbuka hilo nilifunga dirisha ninalouzia. Nimemwambia nakarabati. Anasikia hakuna nyundo, na amekaa kimya, jambo ambalo si tabia yake.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unategemea makopo haya kuliko nilivyopenda, na sikutaka uyaone yakiwa ya kipofu.

Sasa nakutumia yote, kiganja kimoja kutoka kila kopo. Fundi kanipa nyuzi bila kuuliza za nini. Kila kifuko kina uzi wa rangi yake, na kopo lake hapa nimelifunga uzi huohuo. Nusa, uniandikie majina. Kama hulijui jani, sema hulijui.

Shangazi.


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pole na wewe. Nimeishia hapo kama ulivyonifundisha.

Nimenusa vyote, asubuhi, kabla ya kula. Majina nimeyaandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, yako ndani ya bahasha hii, ubandike. Lakini nimeona jina peke yake kwako ni kitu kikavu, kwa hiyo nimekuandikia na harufu.

Uzi mwekundu ni mchaichai. Ni limau lililolazwa kwenye nyasi mbichi.

Uzi wa bluu ni mkaratusi. Unaingia puani kama mgeni asiyebisha hodi, unafungua madirisha yote, kisha ndiyo unasalimia.

Uzi wa njano ni mdalasini. Huo sitausema, tunajuana.

Uzi wa kijani, mnanaa. Mtu aliyetoka kuoga maji baridi anapita karibu yako.

Uzi mweusi ni mrehani, na nadhani ndio wa usingizi wa fundi, kwa sababu nilikaa nao kidogo nikaanza kupiga miayo. Kama sio, basi ni mimi nilikuwa nimechoka.

Uzi wa zambarau ni majani ya mpera. Unanukia kaptula za shule baada ya kupanda miti.

Uzi mweupe sikuujua. Nilinusa siku mbili. Ni kama sanduku la nguo zisizovaliwa. Kama ndilo lile la presha sijui, na kama silo sijui. Umwage, Shangazi. Usiuonee huruma.

Kazini nimeacha kuosha vikombe saa saba. Nasimama nyuma ya kioo. Sentensi zangu zilikuwa ndefu, za pumzi yangu ya zamani, msichana alikuwa anafika mwisho kama mtu aliyepanda ngazi na ndoo. Nimezifupisha. Anasoma vizuri. Jana alisema neno langu moja vizuri kuliko ambavyo ningelisema, na iliuma, na ilipita.

Ukiweza, fungua redio saa saba. Sauti si yangu, ila utanikuta humo.

Nilisoma majina haya kwa sauti nilipokuwa nayaandika, nijisikie. Chumba hakikushtuka. Kukupigia simu ndiyo bado. Wewe ulinijua kwa sauti kabla hujanijua kwa sura, kwa jinsi nilivyolia, umeyasema hayo mara ngapi. Sitaki uniulize ni nani.

Mwanao.


30 Julai

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba. Karatasi zimebandikwa. Rafu yangu inafanana na duka la dawa la mjini, naionea aibu kidogo na naipenda. Mweupe nimeumwaga shimoni. Dirisha liko wazi. Fundi cherehani amekunywa mrehani akalala mpaka wateja wakamgongea mlango, sasa anadai nimezidisha. Hakuna kumridhisha yule.

Nimeacha kusaga. Nakausha jani zima na kijiti chake, nalijua kwa vidole. Mnanaa shina lake lina pembe nne, kama penseli ya seremala. Miaka yote hii nimelishika na sikuwahi kulihisi, pua ilikuwa inawahi. Mrehani nao una pembe, ila jani lake laini zaidi. Mchaichai unakata ukiupapasa kinyume. Mpera una mishipa minene, kama mikono ya baba yako. Vikinichanganya nasoma karatasi. Na jioni nachemsha mkaratusi wa uzi wa bluu, najifunika taulo. Sisikii kitu, ila ule ubaridi wa nyuma ya macho upo. Huo si wa kunusa, kumbe. Nakaa naungoja mgeni wako asiyebisha hodi.

Redio nimeishusha kutoka juu ya kabati, nimefuta vumbi. Nilikuwa siifungui tangu Januari, nalo hilo sikukuambia. Saa saba fundi amezima mashine yake, tukasikiliza wote, yeye upande wake wa ukuta. Sentensi ya pili tu nikagonga ukuta nikamwambia, huyo ni wetu. Akasema hasikii sauti yako. Nikamwambia asikilize anavyonyamaza kati ya sentensi.

Sasa jambo moja. Jumapili simu ililia, namba sikuitazama. Nikapokea. Mtu akasema neno moja kwa sauti nzito yenye mchanga, kama ya mwanaume aliyetoka usingizini, kisha kimya. Nikamwambia, "Baba, umekosea namba," nikakata. Nikarudi jikoni kukaanga. Vitunguu vikaanza kubadilika rangi, nimesimama na mwiko, ndipo lile neno likanifika.

Mtu aliyekosea namba haanzi kwa shikamoo.

Nilizima moto. Nilikaa na simu mapajani mpaka giza, na sikupiga, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na la kusema na mimi ndiye niliyekukata. Nimekaa nayo wiki nzima. Naibeba hadi bustanini, kwenye mfuko wa aproni, na majani yananishangaa.

Piga tena, mwanangu. Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Na usiniambie ni nani.

Shangazi yako.